Uwanja Mpya wa Klabu: Tufuate Mfano wa Kwa Mkapa au wa Chamazi?

Kwa miaka mingi mashabiki wa Yanga wamekuwa wakiungojea uwanja wao wenyewe pale Jangwani, na wenzao wa Simba wamekuwa wakiungojea wa kwao kule Bunju. Kila picha ya kompyuta inayosambazwa kwenye simu huibua mjadala uleule: paa lina umbo gani, taa za nje zitawaka rangi gani, uwanja utachukua watu wangapi. Mimi ni Mwanayanga, nami nimezitazama picha hizo kwa hamu kama mwanachama mwingine yeyote, lakini naona mjadala huo unaanzia mahali pasipofaa. Picha ya kompyuta huuonyesha uwanja kutoka angani, mahali ambapo hakuna shabiki atakayekaa. Anayetaka kuchagua vizuri hana haja ya kwenda mbali, kwa sababu Dar es Salaam ina viwanja viwili vinavyotofautiana karibu katika kila jambo, na wengi wetu tumeshakaa katika vyote viwili: Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, na Azam Complex, Chamazi.

Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 na ukajulikana kwa jina la Uwanja wa Taifa hadi Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki dunia Julai 2020, ndipo ukapewa jina lake. Ni mali ya Serikali, una viti 60,000, na kuzunguka eneo la kuchezea kuna njia ya riadha. Azam Complex ni mali ya klabu ya Azam FC, unachukua watu wapatao 10,000, umejengwa kwa ajili ya soka peke yake, na majukwaa yake yako karibu kabisa na nyasi. Mmoja ni uwanja wa taifa na mwingine ni uwanja wa klabu. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kutuongoza, kwa kuwa tunachokingojea ni uwanja wa klabu.

Nianze na umbali wa shabiki kutoka kwenye mchezo, kwa sababu jambo hili likishakosewa katika mchoro haliwezi kurekebishwa baadaye ila kwa kubomoa. Njia rasmi ya riadha ina urefu wa mita 400, na ikiwa na mikondo minane yenye upana wa mita 1.22 kila mmoja, upana wa njia nzima hukaribia mita 10. Ndani yake hukaa eneo la kuchezea lenye mita 105 kwa 68. Ukipiga hesabu kwa vipimo vya kawaida, utaona kwamba ubavuni shabiki hupoteza mita 12 hivi, jambo linaloweza kuvumilika. Nyuma ya magoli, ambako njia hujikunja, kati ya mstari wa goli na ukingo wa nje wa njia kuna takriban mita 36, na hapo hata safu ya kwanza ya viti haijahesabiwa. Huo ni umbali unaozidi mara mbili ya ule wa kutoka mstari wa goli hadi mwisho wa boksi. Maana yake ni kwamba aliyekata tiketi ya mzunguko, yaani ya bei ya chini, nyuma ya goli moja, mpira ukiwa goli la pili, analitazama tukio lililo zaidi ya mita 140 mbele yake.

Niliwahi kukaa huko na mpwa wangu wa miaka tisa. Bao lilipofungwa upande wa pili, watu wote wakasimama, naye akanivuta shati akauliza, “Mjomba, nani amefunga?” Sikuwa na jibu, ikanibidi nisubiri jina litangazwe. Mwaka uliofuata nilimpeleka Chamazi, tukakaa safu ya nne. Mara hiyo hakuuliza kitu. Alikuwa akimsikia kipa akiwapigia kelele mabeki wake wasogee kushoto, akausikia mpira ukigongwa na kiatu, na winga alipokuja kurusha mpira mbele yetu aliiona jezi ilivyomganda mgongoni kwa jasho. Mtoto huyo alirudi nyumbani akiigiza sauti ya kipa, na tangu siku hiyo hakuna haja ya kumshawishi aende uwanjani.

Juventus ya Italia ilikutana na tatizo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Ilikuwa ikicheza katika uwanja wa Delle Alpi, uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 1990, wenye njia ya riadha na nafasi ya watu karibu 70,000, na mashabiki wake hawakuupenda kwa sababu ya umbali huo. Klabu ikaubomoa, ikajenga palepale uwanja wa watu 41,000 hivi usio na njia ya riadha, ukafunguliwa mwaka 2011. Klabu kubwa kiasi hicho ilikubali kupoteza maelfu ya viti ili waliobaki waone vizuri, nami naamini ilifanya uamuzi wa busara.

Najua wapo watakaosema kwamba nchi iliyomtoa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, haipaswi kuipa riadha kisogo. Nakubaliana nao kwa moyo wote, ila deni hilo ni la taifa, na taifa tayari lina uwanja wake Temeke. Kenya imefanya mgawanyo huo kwa uwazi: Kasarani ina njia ya riadha, na Uwanja wa Talanta wa watu 60,000, uliobuniwa kando ya Barabara ya Ngong kwa ajili ya AFCON ya 2027, ni wa soka. Kwa hiyo katika kipengele hiki sioni nafasi ya mashauriano: mchoro wowote wa uwanja wa klabu wenye njia ya riadha ukataliwe mapema, hata kama paa lake linapendeza namna gani.

Katika ukubwa, mambo si mepesi hivyo. Uwanja wa viti 60,000 hujaa siku ya dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga zinapokutana, hujaa katika usiku mkubwa wa mashindano ya Caf, shirikisho la soka la Afrika, na hukaribia kujaa katika matamasha ya klabu hizo, Simba Day na Wiki ya Mwananchi ya Yanga. Zilizobaki ni mechi za kawaida za ligi, ambazo watu wake ni elfu chache, na ndiyo maana klabu zetu mbili zimekuwa zikizipeleka mechi nyingi Chamazi au uwanja wa KMC, Mwenge. Watu 6,000 waliotawanyika katika viti 60,000 hawasikiki. Watu haohao wakiwa Chamazi wanaufanya uwanja utetemeke, na timu ngeni inalijua hilo tangu inapotoka vyumbani. Kwa upande mwingine, viti 10,000 havitoshi hata kidogo kwa klabu yenye wanachama na mashabiki nchi nzima. Yanga ilipoitoa Al-Merrikh ya Sudan pale Chamazi mwaka 2023 na kurudi katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya miaka 25, walioweza kulishuhudia jambo hilo kwa macho walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliotamani.

Kwa maoni yangu, kipimo kinachofaa ni kati ya viti 25,000 na 30,000, yaani ukubwa uleule uliochaguliwa kwa uwanja mpya wa Arusha, wenye viti 30,000. Muhimu zaidi ni kwamba msingi na nguzo zisanifiwe tangu mwanzo kubeba jukwaa la juu litakaloongezwa baadaye, kwa sababu kuongeza ghorofa juu ya msingi usioandaliwa ni sawa na kujenga upya. Dabi na fainali zinaweza kuendelea kuchezwa Kwa Mkapa, na hakuna aibu katika hilo.

Sasa nifike kwenye nyasi, mahali ambapo mashabiki tumekuwa hatupatilii maanani. Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Ilifungwa mabao 2-0 ugenini, ikawa inahitaji kila sauti nyumbani katika mchezo wa marudiano. Caf ikaona eneo la kuchezea la Uwanja wa Mkapa halifai, na fainali ikahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, wenye nafasi ya watu 15,000. Mchezo uliisha 1-1 na kombe likaondoka. Mimi si Mwanasimba, lakini niliona uchungu kwa niaba ya watani wangu, maana viti 45,000 vilipotea kwa sababu ya kitu ambacho hakionekani katika picha yoyote ya kompyuta, nacho ni njia ya maji kupita chini ya nyasi.

Uwanja mzuri wa nyasi asilia hauanzii kwenye nyasi. Chini kabisa hulazwa mabomba yenye matundu, juu yake kokoto, kisha tabaka nene la mchanga uliochaguliwa, ndipo nyasi zipandwe, ili mvua ya masika ikinyesha asubuhi, jioni mpira uviringike. Tabaka hizo zikishindiliwa na mechi nyingi mfululizo bila mapumziko, maji hukosa pa kwenda. Uwanja wa taifa hubebeshwa mechi za Simba, za Yanga, za Taifa Stars, na shughuli nyingine za kitaifa, kwa hiyo nyasi zake hufanya kazi ya viwanja vitatu. Nyasi bandia hustahimili matumizi ya kila siku, lakini jua la saa nane mchana huzifanya ziwake moto, na wachezaji wengi hulalamikia magoti. Kuna njia ya tatu, ambayo ni nyasi asilia zilizoshonewa nyuzi za plastiki kuzishika mizizi. Ni ghali zaidi, lakini kwa klabu itakayocheza hapo yenyewe peke yake, ikiwa na uwanja wa pembeni wa mazoezi, nyasi asilia zilizowekewa mifereji sahihi zinatosha kabisa. Uwanja huo wa pembeni usiachwe nje ya mchoro, kwa sababu bila huo timu itafanya mazoezi kwenye nyasi za mechi na ndani ya misimu miwili tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Suala la mahali ndilo linalogawa watu kuliko yote, nami nimelifikiria kwa muda mrefu. Jangwani ina kila kitu ambacho moyo wa Mwanayanga unakitaka: jengo la klabu liko hapo, uwanja wa Kaunda uko hapo, na kutoka Kariakoo mtu anafika kwa miguu. Mabasi ya mwendokasi yanapita Barabara ya Morogoro, kwa hiyo shabiki wa Kimara au wa Ubungo hahitaji gari. Anayetoka kazini mjini saa kumi na moja jioni anaweza kuwa kwenye kiti chake kabla ya mechi ya saa moja usiku. Hakuna kiwanja kingine kilichobaki mjini chenye sifa hizo.

Hata hivyo, Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, na kila mkazi wa Dar es Salaam anajua maana yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba, na waathirika wengi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, ambayo ni jirani ya Bunju. Karakana ya mwendokasi iliyojengwa hapohapo Jangwani imeingiliwa na maji mara kwa mara. Ukitaka kujenga majukwaa katika ardhi ya namna hiyo, lazima uinue kiwanja chote na uzamishe nguzo ndefu hadi kwenye udongo mgumu, na fedha hizo zote huzikwa ardhini kabla kiti cha kwanza hakijafungwa. Kinachoweza kubadilisha hesabu ni mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wenye kazi za kutanua njia ya mto na kujenga daraja jipya la Jangwani. Uwanja ukijengwa baada ya kazi hizo na kwa kufuata vipimo vyake, hatari hupungua sana. Ukijengwa kabla yake, au bila kuzingatia kimo cha mafuriko kilichowekwa na wahandisi wa mradi, tutakuwa tunaweka akiba ya wanachama mahali pa kusombwa.

Bunju, kwa upande wake, iko kaskazini, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Ardhi ni kavu, nafasi ipo, na Simba ina uwanja wa mazoezi huko. Klabu inaweza kujenga kwa awamu bila kubanwa na majirani, ikaweka hosteli ya vijana, viwanja vidogo na maegesho. Shida yake inafanana na ya Chamazi, nayo huonekana baada ya filimbi ya mwisho. Nakumbuka mechi moja ya usiku Chamazi, daladala za Mbande zilipokuwa zimejaa hadi mlangoni, tukaamua, watu kama thelathini tusiojuana, kutembea kurudi Mbagala Rangi Tatu, tukimulika barabara kwa tochi za simu. Tulikuwa tumeshinda, kwa hiyo tuliimba njia nzima, na mama mmoja mwenye jezi ya njano alikuwa amembeba mwanawe mgongoni aliyekwisha kulala. Mama yule angekuwa Bunju usiku huo, na nyumba yake ikawa Gongo la Mboto, angefika saa ngapi? Mchoro wa uwanja wa nje ya mji usioonyesha mahali mabasi yatakaposimama na jinsi yatakavyoondoka haujakamilika.

Nikilazimika kuchagua kati ya pande hizo mbili, nachagua Jangwani, kwa sharti la kazi za bonde kutangulia. Ikiwa sharti hilo halitatimia, basi ni heri nje ya mji penye ardhi kavu, na klabu ikubaliane mapema na wenye mabasi.

Kuhusu milango nitasema kwa uzito unaostahili. Tarehe 28 Mei 2023, siku Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho, shabiki mmoja alifariki dunia na wengine wapatao 30 walijeruhiwa katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa. Alikwenda kutazama timu yake, kama sisi sote. Mashabiki wetu hufika mapema mno, wengine tangu saa nne asubuhi kwa mechi ya saa kumi jioni, na wimbi kubwa la pili huja saa moja kabla ya mpira kuanza. Uwanja mpya unahitaji uwanda mpana mbele ya kila lango, ukaguzi wa kwanza wa tiketi ufanyike mbali na lango lenyewe ili asiye na tiketi asifike kwenye msukumano, na kila jukwaa liwe na milango yake isiyoingiliana na ya jukwaa jingine. Mwongozo wa viwanja wa Uingereza hutaka watu waweze kutoka jukwaani ndani ya dakika nane. Hicho ni kipimo kizuri cha kumuuliza msanifu, naye anapaswa kujibu kwa hesabu. Chamazi husalimika kwa kuwa ni padogo, lakini udogo hautausaidia uwanja wa watu 30,000.

Paa nitalipitia kwa haraka. Mechi zetu nyingi huchezwa jioni, wakati jua liko magharibi, kwa hiyo anayekaa jukwaa la magharibi hupata kivuli na aliye mashariki huligeukia jua uso kwa uso. Fedha zikitosha paa la upande mmoja tu katika awamu ya kwanza, liwe la magharibi, na tiketi za mashariki ziuzwe kwa bei ya chini. Jambo linalohusiana na hilo, ambalo ni nadra kulisikia likitajwa, ni mwinuko wa ngazi za jukwaa: wasanifu hupima ni sentimita ngapi macho ya mtu yanapita juu ya kichwa cha aliye mbele yake, na viwango vinavyotajwa sana ni sentimita 9 kwa uwanja mzuri na 12 kwa ulio bora zaidi. Sisi tunavaa kofia, tunapeperusha bendera, na wengine huja na mavuvuzela. Tudai 12.

Limebaki la matumizi ya kila siku. Klabu inayocheza Kwa Mkapa ni mpangaji, hulipa na kuondoka. Azam FC inalala, inafanya mazoezi na kulea vijana palepale Chamazi, na mapato ya mlangoni ni yake. Katika hili Chamazi inashinda bila mjadala, na huo ndio msingi wa hamu yetu yote ya kuwa na uwanja.

Kwa mwanachama atakayehudhuria mkutano mkuu ambapo mchoro utawasilishwa, nashauri asishughulike kwanza na picha ya usiku yenye taa. Aombe kuonyeshwa mchoro wa jukwaa lililokatwa ubavuni, unaoonyesha umbali wa safu ya kwanza kutoka mstari wa goli. Aombe mchoro wa tabaka zilizo chini ya nyasi na kimo cha kiwanja kikilinganishwa na kimo cha mafuriko. Kisha aombe ramani ya barabara na milango, aweke kidole kwenye kiti kimoja cha bei ya chini kabisa, na amwombe msanifu amwonyeshe njia ya miguu kutoka kwenye kiti hicho hadi kwenye basi, saa nne usiku, mvua ikinyesha.